Anayecheka na Anayechekwa: Tuitazame Upya Goodness Gracious Me

Ukurasa huu umezoea riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii tumeamua kutoka nje kidogo, tuhakiki mfululizo wa vichekesho wa televisheni ya Uingereza uliorushwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2001, yaani Goodness Gracious Me. Msomaji ana haki ya kuuliza: kichekesho cha Kiingereza, tena cha zamani, kinatafuta nini katika kijarida cha idara ya Kiswahili? Jibu letu ni kwamba kinagusa kazi yetu sisi walimu wa lugha. Kinaonyesha jinsi mtu anavyochekwa kwa sababu ya ulimi wake, na jinsi kicheko hicho kinavyoweza kugeuzwa. Tumeutazama tena mfululizo huu pamoja na baadhi ya wanafunzi wetu wa mwaka wa pili, ambao walikuwa hawajazaliwa ulipoanza. Tuliyoyaona siyo yote tuliyokuwa tukiyakumbuka. Baadhi yamechakaa, na baadhi yametukuta sisi wenyewe tukiwa na hatia.

Mfululizo wenyewe

Goodness Gracious Me haikuanzia kwenye televisheni. Ilianza kusikika katika Redio ya 4 ya BBC mwaka 1996, kisha mwaka 1998 ikahamia BBC Two. Waigizaji wake wakuu walikuwa wanne: Sanjeev Bhaskar, Meera Syal, Kulvinder Ghir na Nina Wadia. Wote wana asili ya Bara Hindi, lakini hawakufika jukwaani kwa njia moja. Bhaskar alizaliwa London, Syal alizaliwa Wolverhampton, Wadia alizaliwa Bombay, na Ghir alizaliwa Nairobi. Bhaskar na Syal walishiriki pia katika uandishi. Kila kipindi kilikuwa cha takriban nusu saa, na kilikuwa mkusanyiko wa vipande vifupi visivyofuatana kihadithi. Kimoja huchukua dakika moja, kingine dakika kadhaa, na baadhi ya wahusika hurudi kila wiki na msemo wao uleule.

Jina la mfululizo linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo kichekesho cha kwanza. Mwaka 1960 mwigizaji Mwingereza Peter Sellers aliigiza daktari wa Kihindi katika filamu The Millionairess, na ili kuitangaza filamu hiyo yeye na Sophia Loren walirekodi wimbo uliokuwa na jina hilohilo la Goodness Gracious Me. Katika wimbo huo Sellers, mtu mweupe, anaigiza lafudhi ya Mhindi anayezungumza Kiingereza. Baada ya wimbo huo, watu wengi wa asili ya Kihindi waliokulia Uingereza walijikuta wakiigizwa lafudhi hiyo shuleni na barabarani. Kwa hiyo Bhaskar na wenzake walipochagua jina la mfululizo wao hawakutafuta jina zuri. Walichukua fimbo waliyokuwa wakichapwa nayo, wakaishika wao.

Sisi tulioko Uganda tunayo sababu nyingine ya kuufuatilia mfululizo huu. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia nchini, akawapa siku 90. Zaidi ya watu 27,000 kati yao walipokelewa Uingereza. Kabla yao walikuwa wametangulia Waasia wengi kutoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960. Familia zilizohama Kampala, Jinja na Nairobi zilikwenda na maneno yetu. Hata leo, katika Kigujarati cha nyumba nyingi za London na Leicester, muhogo ni mogo, karanga ni jugu, na fagio na kisu yamebaki fagio na kisu. Watoto wa familia hizo walikuwa miongoni mwa watazamaji wa kwanza wa Goodness Gracious Me.

Kabla yake: darasa la Bwana Brown

Ili kuelewa mfululizo huu uligeuza nini, ni vema tukumbuke ule uliokuja kabla yake. Wasomaji wetu wenye umri watakuwa wanaukumbuka Mind Your Language, uliorushwa na ITV kuanzia mwaka 1977 hadi 1979 na baadaye kuuzwa katika nchi nyingi za dunia. Huo haukuwa wa vipande vifupi. Ulikuwa wa hadithi iliyokamilika kila wiki, na yote yalitokea katika darasa la jioni la kuwafundisha wageni Kiingereza jijini London. Mwalimu ni Jeremy Brown, aliyeigizwa na Barry Evans. Wanafunzi ni Mpakistani, Mhindi wa dini ya Kisikh, Mwitaliano, Mhispania, Mgiriki, Mjapani, Mchina, Mfaransa, Mjerumani na wengineo.

Tuliupenda mfululizo ule, wala hatutajifanya kwamba hatukuupenda. Tatizo lake linaonekana mtu anapoutazama kwa jicho la uhakiki. Kila mwanafunzi ni mhusika bapa aliyebeba taifa zima mgongoni. Mjapani hutia "o" mwishoni mwa maneno na kuinama kila mara. Mchina huchanganya "l" na "r" na hashibi nukuu za Mwenyekiti Mao. Mwingereza peke yake ndiye mwenye haki ya kuwa mtu wa kawaida. Mfululizo ulisimamishwa baada ya miaka hiyo mitatu kwa sababu wakuu wa kituo chake waliona kwamba unawadhalilisha wageni.

Mpangilio wa kicheko chake ni rahisi kuueleza. Katika kila kichekesho kuna anayeumia, yaani yule ambaye mambo yanamharibikia mbele yetu. Kuna pia anayelengwa, yaani yule ambaye tabia yake ndiyo inayochekwa hasa. Katika darasa la Bwana Brown watu hao wawili ni mmoja. Mwanafunzi anakosea, mwanafunzi anaaibika, na mwanafunzi ndiye anayechekwa. Mtazamaji amekaa upande wa mwalimu na haguswi na lolote.

James na wateja wake

Kipande kinachojulikana zaidi katika Goodness Gracious Me kinaitwa Going for an English. Ili kukielewa inabidi kwanza kuijua desturi inayosimangwa. Katika miji ya Uingereza vijana wana mazoea ya kunywa pombe Ijumaa usiku, kisha baa zinapofungwa huenda kwenye mkahawa wa Kihindi. Huko hufanya kelele, humwita mhudumu kwa dharau, huharibu jina lake, na kushindana nani ataagiza chakula kikali zaidi, siyo kwa kukipenda bali kwa kujionyesha.

Kipande hiki kinageuza kila kitu isipokuwa tabia. Tupo Bombay. Kundi la marafiki wa Kihindi wametoka kunywa, safari hii si bia bali lassi, na kama ada yao ya kila Ijumaa wameingia katika mkahawa wa Kiingereza. Mhudumu ni kijana Mwingereza, mpole, mwenye daftari mkononi. Badala ya kutaka chakula kikali kuliko vyote, jasiri wa kundi anauliza ni kipi kilicho chapwa kuliko vyote. Mwanamke mmoja anayetaka kuagiza kari anazomewa na wenzake, kwamba mtu akija kula Kiingereza sharti ale Kiingereza. Chipsi zinaagizwa kwa sahani zisizohesabika, hadi mhudumu mwenyewe anajaribu kuwaambia kwa adabu kwamba wamezidisha.

Kwetu walimu wa lugha, jambo lililo zito zaidi hapo ni dogo kabisa: jina la mhudumu. Anaitwa James. Ni silabi moja tu ya Kiingereza, jina la wafalme. Wateja wake wanaliburuta, wanalikata mara mbili, wanalitamka kama neno la ajabu lililookotwa njiani, kisha wanaendelea na maongezi yao. James hasemi kitu. Anatabasamu na kuandika oda.

Kwa Mwingereza aliyekuwa akitazama mwaka 1998, kitu kigeni kilikuwa kinatokea. Lilikuwa halijawahi kumpitia wazo kwamba jina James linaweza kuwa gumu. Ugumu wa jina aliuona kuwa sifa ya majina ya watu wengine. Kipande kinamwonyesha bila hotuba yoyote kwamba hakuna jina lililozaliwa gumu. Jina hugeuka gumu pale msemaji anapoona kwamba mwenye jina hastahili taabu ya kujifunza. Hilo si suala la fonolojia. Ni suala la heshima.

Turudi kwenye mizani yetu. Anayeumia hapa ni James, lakini hatumcheki James. Hatuwacheki hata Wahindi waliolewa lassi, kwa maana Wahindi wa namna hiyo hawapo. Anayelengwa hayumo kabisa katika mkahawa ule. Amekaa nyumbani kwake mbele ya televisheni, na huenda Ijumaa iliyopita alikuwa akimpigia kelele mhudumu wa kweli. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Watunzi wa kipande hiki waliugeuza mkuki ule polepole mpaka aliyekuwa ameushika akaiona ncha yake.

Mzee wa "yote ni ya India"

Sehemu ya pili ya nguvu ya mfululizo huu ni kwamba hauwasamehi wenyewe. Baadhi ya vipande bora vinawalenga wazazi, mashangazi na wajomba wa watunzi. Mmoja wa wahusika wanaorudi kila wiki ni mzee, anayeigizwa na Bhaskar, ambaye anaamini kwamba kila kitu chenye sifa duniani kimetoka India. Katika mojawapo ya vipande vyake anathibitisha kwamba familia ya kifalme ya Uingereza ni ya Kihindi, kwa hoja kwamba wote wanaishi pamoja katika nyumba ya ukoo, wote wanafanya kazi katika biashara ya familia, na ndoa zao hupangwa.

Wanafunzi wetu walimcheka sana mzee huyu, nasi tulijua kwa nini. Idara yoyote ya Kiswahili inaye mzee kama huyo. Wetu husema kila neno ni Kiarabu. Mpe neno lolote la Kibantu, atalitafutia shina huko Maskati. Yupo pia mpinzani wake, ambaye atatoa jasho kuthibitisha kwamba hata "kitabu" ni Kibantu halisi. Na tukisema kweli, mzee wa Bhaskar angefika hapa idarani asingeondoka mikono mitupu: gari, bima, laki na chapati ni maneno yaliyotufikia kutoka lugha za Bara Hindi. Ubora wa kipande hiki uko hapo. Mzee hakosei katika yote. Kosa lake ni kutaka asili ya kitu iwe ndiyo hati ya kumiliki, na hilo ni kosa linalofanywa na watu wenye shahada pia.

Wahusika wengine waliotustahilia kutazamwa tena ni jamaa wa akina Kapoor na akina Rabindranath, matajiri wanaojiita Cooper na Robinson. Wamejifanya Waingereza kuliko Waingereza, na mtu akiwaita kwa majina yao ya kweli wanamsahihisha kwa hasira. Mwaka 1998 tungewacheka tu. Leo kicheko kinakwama kidogo kooni. Jamaa hawa hawakubadili majina kwa sababu ya ujinga. Walifanya hivyo kwa sababu waliishi katika nchi ambamo jina lao lilikuwa likifanywa lilivyofanywa jina la James. Kwa hiyo Kapoor ni anayeumia na anayelengwa kwa pamoja, na hapo mfululizo unakaribia kurudi kwenye darasa la Bwana Brown. Unamcheka aliyekimbia, lakini haumgusi aliyemkimbiza.

Yaliyochakaa

Uhakiki usiotaja kasoro ni tangazo la biashara, kwa hiyo tuzitaje. Kasoro ya kwanza ni ya kifani. Msemo unaorudiwa kila wiki huchekesha mara ya tatu, huzoeleka mara ya saba, na baadaye hubaki desturi tu. Akina mama wawili wanaoshindana kusifia watoto wao wa kiume tulichoka nao kabla ya kumaliza mfululizo wa kwanza. Mama anayedai kwamba chakula chochote cha hotelini angeweza kukipika mwenyewe nyumbani bila gharama aliwafurahisha wanafunzi wetu zaidi, labda kwa sababu wote wanaye nyumbani. Ni haki tuseme pia kwamba baadhi ya misemo hiyo ilidumu. Neno chuddies, lenye maana ya chupi, ambalo lilipata umaarufu kupitia vijana wawili walioigizwa na Bhaskar na Ghir, liliingizwa katika kamusi ya Oxford mwaka 2019. Si kila mtunzi wa kamusi atakubali kwamba alisaidiwa na kichekesho, lakini ndivyo maneno yanavyosafiri.

Kasoro ya pili ni ya lafudhi yenyewe. Katika vipande dhaifu, lafudhi nzito ya Kihindi ndiyo kichekesho chote. Waigizaji waliokulia kwenye Kiingereza cha Uingereza wanaivaa lafudhi ya wazazi wao kama kofia, na watu wanacheka kabla hakijasemwa kitu. Tunaelewa kwamba mtoto ana ruhusa ya kumwigiza mzazi wake ambayo mpita njia hana. Lakini televisheni haina mlango. Kichekesho cha nyumbani kikishatoka nje, anayekirudia kesho yake shuleni si mtoto wa nyumba ile.

Kasoro ya tatu inatuhusu sisi. Katika vipande tulivyovitazama dunia ina nchi mbili tu, India na Uingereza. Njia ya tatu, ile iliyopitia Mombasa, Nairobi, Kampala na Jinja, hatukuisikia. Mwigizaji aliyezaliwa Nairobi yumo, lakini Nairobi haimo. Mzee anayedai kwamba kila kitu kimetoka India angeulizwa muhogo wake aliuitaje mogo, na alijifunzia wapi, tungepata kipande kizuri. Mwaka 2014 na 2015 waigizaji walirudi kwa vipindi maalumu vichache, na walionyesha kwamba bado wanaweza kuchekesha, ila zama zilikuwa zimebadilika. Watazamaji walikuwa tayari wamelijua somo la James.

Kicheko cha darasani kwetu

Je, na sisi tumelijua? Hapa inabidi tukiri jambo.

Muhula mmoja kabla ya kuutazama mfululizo huu, mwanafunzi wetu mmoja anayezungumza Kiganda nyumbani alikuwa akiwasilisha kazi yake juu ya lugha ya siasa. Alitaka kusema kwamba wananchi walikwenda kupiga kura. Akasema walikwenda kupiga "kula". Darasa liliangua kicheko, na waliocheka zaidi ni wale waliosomea mpakani au waliokaa Kenya na Tanzania. Aliendelea kidogo, akafika kwenye neno mahari, akasema "mahali". Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Sisi walimu tulicheka pia. Tuliona ni jambo dogo la kuchangamsha darasa. Tangu siku hiyo hadi muhula unaisha hakuinua mkono tena. Kazi zake za maandishi ziliendelea kuwa nzuri.

Kulikuwa na somo zima katika makosa yale mawili, nasi tulilipitia mbali. Katika Kiganda "l" na "r" hazitofautishi maana. Ni sauti moja yenye sura mbili, na sura ipi itumike huamuliwa na irabu iliyotangulia. Baada ya "e" na "i" huja "r", na kwingineko huja "l". Katika neno kura irabu iliyotangulia ni "u". Katika neno mahari ni "a". Kwa hiyo mwanafunzi yule hakukosea ovyo. Alifuata sheria ya lugha yake kwa uaminifu mara zote mbili, na matokeo yangeweza kukisiwa kabla hajafungua mdomo. Mwalimu anayeijua sheria hiyo ana la kufundisha. Mwalimu asiyeijua ana la kucheka.

Upo utani ambao kila mwanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda ameusikia: Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania, kikaugua Kenya, kikafia Uganda, kikazikwa Kongo. Tumeusikia kwenye makongamano, tumeusikia kwa wageni wetu, na tumeusema wenyewe kwa unyenyekevu wa bandia ili tusichekwe na mwingine kabla yetu. Tukiuweka kwenye mizani ile, anayeumia na anayelengwa ni mmoja. Ni darasa la Bwana Brown, nasi ndio tuliokaa kwenye madawati.

Utani huo una gharama. Katika nchi hii Kiswahili kimebeba mizigo mingi. Kiliitwa lugha ya askari na ya wanyang'anyi. Mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya kuwafukuza Waasia, Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na wako wazee ambao hadi leo wakisikia Kiswahili wanasikia kizuizi cha barabarani. Mwaka 2005 katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Shule hizo zinahitaji walimu, na walimu wenyewe ndio hawa waliomo madarasani mwetu. Tukiwafundisha kunyamaza, tumejenga nini?

Kwa hiyo baada ya kumtazama James tuliwapa wanafunzi kazi. Waandike kipande cha dakika tano kinachogeuza hali ya darasani kwetu. Wakaandika juu ya Mzanzibari aliyehamia Kampala na kuanza kujifunza Kiganda. Nyenzo waliipata bila shida, kwa sababu Kiganda hutofautisha konsonanti ya kawaida na ile inayokazwa: okuta ni kuachilia, na okutta ni kuua. Mzanzibari wao ametumwa kumchinja kuku wa mgeni, anauliza kwa adabu zote za pwani, na kila anapokusudia kuua anasema kuachilia. Mwisho wa kipande kuku yuko juu ya paa na mgeni anakula matoke matupu.

Rasimu ya kwanza ilichekesha, lakini tuliirudisha. Ilikuwa imelipiza kisasi tu. Anayeumia ni Mzanzibari, anayelengwa ni Mzanzibari, na tulikuwa tumehamisha madawati bila kubadilisha darasa. Wakaenda wakafikiri. Katika rasimu ya pili waliongeza mhusika mmoja, mwalimu wa Kiganda ambaye kila mgeni wake anapokosea yeye hucheka hadi kushika tumbo, wala hamwambii kosa liko wapi. Kuku anapopanda paa, mwenye nyumba hamuulizi mgeni. Anamuuliza mwalimu: siku zote hizo ulikuwa unamfundisha nini?

Sehemu ya mwalimu yule ilisomwa na mwanafunzi wetu wa "kupiga kula". Aliichagua mwenyewe, na alicheka kile kicheko cha kushika tumbo kwa ustadi ambao ulitufanya sisi walimu tutazame chini. Hatudai kwamba kipande kimoja kimeondoa aibu ya muhula mzima. Bado hazungumzi sana. Lakini wiki iliyofuata aliuliza swali, kwa sauti, na ndani ya swali hilo mlikuwa na "l" mahali pa "r". Hakuna aliyecheka, na tulilijibu swali kwanza.

Tunachopendekeza

Goodness Gracious Me haikuzeeka yote vizuri. Misemo yake mingi imechoka, na baadhi ya lafudhi zake tungeziacha huko nyuma. Lakini vipande vyake bora, na cha James kikiwa cha kwanza, bado vinafaa kutazamwa katika darasa la lugha. Vinamfundisha mwanafunzi kutofautisha kejeli inayompiga mnyonge na ile inayomrudia mwenye nguvu, tofauti ambayo tunaihitaji pia tunaposoma tashtiti katika fasihi yetu wenyewe. Walimu wanaotaka kuvitumia wavitazame wenyewe kwanza, wavichague, na waieleze desturi ya Ijumaa ya Waingereza kabla ya kuanza, maana bila hiyo James anabaki mhudumu tu aliyepata wateja wabaya.

Mwanzo wa muhula ujao tutakuwa na orodha mpya ya majina ya kuita. Yamo ya Kiganda, Kinyankole, Kiacholi, Kilugbara na Kinyarwanda. Tumekubaliana idarani kwamba kila mwalimu atamwuliza mwenye jina jinsi linavyotamkwa, atalirudia mpaka alipate, na ndipo atakapoanza kufundisha.